Kwa Nini Vigingi Viling'olewa Shambani kwa Baba

Thornton Heath, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo.

Kwanza niambie goti linaendeleaje. Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu akuletee imekusaidia, au bado unashuka ngazi za msikiti huku umeshika ukuta? Na Mama, kikohozi kimemwacha? Mwambie nimeota ananikaangia vile visamaki vya ndagala kwa mawese, nikaamka nimenuna kwa sababu nilikuwa bado sijatia mkono sahanini. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea. Leo nimetoka bila glavu, na mti wa jirani umetoa maua meupe kabla hata ya majani, jambo ambalo bado linanishangaza.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Jumanne ulipopiga simu ulisema maneno machache tu: "Zaina, watu wa wizara wamekuja kung'oa vigingi vya hospitali shambani. Wanasema ni wewe." Nikakujibu, "Ni mimi, Baba." Kisha ukasema, "Niandikie. Kwenye simu nitatoa neno la hasira, halafu litabaki." Tangu siku hiyo naandika kichwani, kwenye treni, dukani, hata darasani.

Najua ulichotoa. Nusu ya michikichi yako uliitoa ili hospitali mpya ijengwe, ukakataa fidia, ukasema hospitali ni sadaka. Watu walikushika mkono baada ya sala ya Ijumaa. Leo watu hao hao wanakuuliza kama binti yako amegeuka Mzungu. Basi nisikilize, Baba, nikusimulie ilivyokuwa.

Mwaka mmoja kabla sijaja huku masomoni, wizara ilinituma kuzunguka mikoani kukagua miradi iliyojengwa tangu vita viishe. Sikukusimulia yote kwa sababu niliona aibu. Nilikuta zahanati nzuri, bati zinang'aa, kibao cha mfadhili ukutani, na ndani wamelala mbuzi. Si moja. Mahali pengine nilimkuta mama ameanika mihogo kwenye baraza la zahanati. Nikamuuliza, "Hapa wanatibu siku gani?" Akacheka. "Mwanangu, walitibu siku ya kukata utepe. Gavana aliumwa kichwa, wakampa dawa."

Kila mfadhili alijenga alichopenda, mahali alipopapenda, akapiga picha, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza nani atamlipa muuguzi wala nani atanunua mafuta ya pampu ya maji. Na sisi wizarani tuliitikia asante kwa kila kitu. Mtu aliyetoka vitani mikono mitupu akipewa hachagui.

Basi, mwezi wa baridi kali, wafadhili wakafanya kikao hapa London kuamua miradi mipya. Viza ya mkurugenzi wangu ilichelewa. Akanipigia: "Wewe uko huko huko. Kaa kwenye kiti cha nchi, mimi nitakuwa kwenye skrini. Na usiseme mengi."

Dada Mwanaidi, huyu mama wa Mombasa ninayepanga chumba kwake, ndiye aliyenipigia pasi nguo asubuhi ile kabla hajaenda kazini kwake kuhudumia wazee. Aliniona nashindwa kunywa chai. "Kwani wale ni wala-watu?" akaniuliza. "Wewe nenda kakae kitako, useme ulijualo. Usilolijua nyamaza." Nikapanda treni na maneno hayo.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tisa, kioo kila upande. Hospitali yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Msanifu majengo akawasha picha ukutani, nikaliona shamba letu, Baba! Nililitambua kwa ule mteremko wa kisimani. Michikichi yote imefutika, na juu yake limekaa jengo refu, na mbele yake wamechorwa watu wanaotembea huku wakicheka.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, akauliza, "Likikamilika, nani ataliendesha?"

Mkurugenzi akajibu kutoka kwenye skrini, "Serikali itabeba jukumu hilo."

Wakaanza kufunua ukurasa unaofuata. Mimi nilijua hakuna daktari hata mmoja aliyepangwa kwa ajili ya jengo lile. Nikanyoosha mkono.

Kiingereza karibu chote kilinikimbia. Nikasema, "Ardhi hiyo ameitoa baba yangu, bure. Humu ndani hakuna anayeitaka hospitali hiyo kuliko mimi. Nawaomba msiijenge kwanza."

Mwenyekiti akasema, "Endelea."

Nikawaambia kwamba baba yangu alikuwa kantonye. Hawakulijua neno hilo, nikawaeleza: ni mtu wa kutunza barabara. Nikawasimulia jinsi wewe na wenzako mlivyokuwa mkitoka na majembe na mapanga kabla ya masika, mkizibua mifereji na kufyeka kando, na barabara ya kwenda sokoni ikadumu tangu sijazaliwa. Vita vikaja, kikosi chenu kikatawanyika, na mvua ikaibeba barabara. Amani iliporudi, kampuni ya nje ikaijenga upya, nzuri ajabu, lakini hakuna aliyeajiriwa kuzibua mifereji, na mvua ikaibeba tena. "Barabara ile haikuuawa na bunduki," nikawaambia. "Iliuawa na majani ndani ya mfereji."

Bwana mmoja akanikatiza. "Kwa hiyo unataka tusijenge kitu?"

"Nataka mmalize mlichoanza. Fungueni zahanati zilizofungwa. Rudisheni watu wa barabara. Halafu mjenge hospitali pamoja na watu wa kuiendesha."

Akatabasamu kidogo. "Zahanati ya zamani haina sherehe ya ufunguzi. Watu wetu huku wanataka kuona jengo jipya."

"Angalau wewe umesema kweli," mwenyekiti akamwambia, na chumba kizima kikacheka, naye pia akacheka.

Wakati wa mapumziko simu yangu ikalia. Mkurugenzi. "Zaina, umenivua nguo mbele za watu." Nikaomba radhi. Akaniuliza, "Haya mambo ya mifereji na mbuzi, kwa nini hukuyaandika kwenye ripoti?"

"Niliyaandika, mzee. Yako ukurasa wa mwisho."

"Ukurasa wa mwisho huwa sifiki," akasema, akakata.

Tuliporudi kitini nilijua kazi sina. Mara uso wake ukatokea kwenye skrini, amejifunga tai vizuri, akasema: "Aliyoyasema binti huyu ndiyo msimamo wa wizara." Baba, nusura niruke juu ya meza!

Wakabishana mpaka jioni, lakini wakakubali. Sasa kutakuwa na orodha moja ya miradi, na itakuwa yetu. Mradi hauingii humo mpaka ijulikane nani atautunza ukishajengwa. Zahanati zinatangulia, na vikosi vya barabara vinarudishwa. Hospitali yetu imesogezwa nyuma. Vigingi vimeng'olewa ili uendelee kuvuna michikichi yako badala ya kuitazama ikingoja. Sitakudanganya: sijui hospitali itarudi lini, na huenda isirudi kabisa. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nikae miezi bila kukwambia. Hapo nilikosa, nisamehe. Ulistahili kulisikia kutoka kwangu kabla ya watu wa vigingi.

Lakini juzi Ijumaa nilipigiwa simu na mkunga aliyepelekwa zahanati moja kati ya zile zilizofungwa, kule milimani; wizara ilimpa namba yangu. Maji yanatoka, dawa zimefika, mwenzake muuguzi amefika. Hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani! Wakakata kufuli kwa msumeno huku kijiji kizima kinatazama. Hawajamaliza kufagia, akaletwa mwanamke kwenye machela, uchungu umemkaza. Kabla ya adhuhuri amejifungua mtoto wa kike. Mkunga alinipigia akiwa bado hajavua aproni, akasogeza simu, na mimi nimesimama Lewisham kwenye kituo cha basi nikamsikia mtoto huyo analia. Watu walinitazama, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

Nisalimie sana Mama. Msalimie kaka Hassani na mkewe, na Shangazi mshonaji, umwambie gauni lake ndilo nililovaa kikaoni. Imamu naye mpe salamu zangu, na wale wanaokuuliza maswali wasomee barua hii wakitaka. Dada Mwanaidi anakuamkia.

Ukiona nimekosea, niandikie kwa mkono wako, nitasoma kila neno. Ukiona sikukosea, Baba, usiandike. Nipigie simu tu, hata saa ya darasa. Nitapokea.

Ni mimi mwanao,
Zaina