Ufunguo wa Hoteli ya Mama Yako

S.L.P. 73,
Litein.
15 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Fancy,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mwili wako unaendeleaje na joto la Doha, na yule bosi mpya amekuzoea? Sisi tu wazima. Mvua haijatuacha tangu Aprili, majani chai yamekubali, na goti langu linaniruhusu kufika kanisani bila fimbo.

Nimesikia umemwuliza mama yako mara mbili kwa nini siku hizi akikupigia simu husikii kelele za hoteli nyuma yake. Amekuwa akikuambia anapumzika. Hapumziki. Hoteli haiko tena mikononi mwake, na nimeona afadhali ulisikie hilo kwangu.

Mzee aliyemkodishia chumba kile miaka kumi na tisa iliyopita hakumwandikia mkataba. Waliimba kwaya moja. Walipeana mkono, yakaisha. Mzee alipofariki, mwanawe Lazarus akakitaka chumba. Kodi ilikuwa imelipwa. Hakutoa notisi hata ya mdomo. Jumanne moja mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, alikuja na askari wawili.

Wacha nikueleze, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Mpangaji wa biashara asiye na mkataba si mgeni. Sheria inamlinda hata zaidi. Mwenye nyumba anatakiwa kutoa notisi ya maandishi, ya miezi miwili au zaidi, na mpangaji akikataa wanakwenda mbele ya baraza la mizozo ya nyumba za biashara. Askari anaweza kuzuia vita, anaweza kumkamata anayevunja mlango au kumpiga mwenzake. Lakini nani akae ndani na nani atoke, hilo si lake kuamua. Hata amri ikitoka, anayeitekeleza ni dalali wa mahakama. Askari husimama kando kulinda amani tu. Haya niliyafundisha darasani miaka thelathini, na nilipostaafu nikawafundisha akina mama wa kanisa.

Mama yako aliwakaribisha askari wale kama wateja. Aliwamiminia chai, akawawekea na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wakanywa. Hawakumgusa wala hawakumfokea. Walisema tu, kwa upole, kwamba mwenye nyumba anataka ufunguo wake. Akatoka nje akanipigia simu.

Nilikuwa kwenye foleni ya kupima majani, lori limefika, karani anaita jina langu. Sikuuliza kama wana karatasi ya korti. Nilimwambia, "Edinah, askari wakisema, tii. Nitakuja kusawazisha baadaye."

Wacera, yule wa duka la nguo la jirani, alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia, "Mama Fancy, usipeane. Hawa hawana karatasi yoyote."

Mama yako akajibu, "Mwalimu amesema." Akatoa ufunguo, akatia sahihi kwenye daftari la Lazarus kwamba amerudisha chumba.

Tulifika mbele ya baraza mwezi uliopita. Wakili wa Lazarus hakubishana juu ya mamlaka ya askari. Alikubali hawakuwa nayo. Alisema hawakuchukua kitu, walipewa. Kisha akamwuliza mama yako kama kuna mtu aliyemwambia atoe ufunguo. Kesi yote ilikuwa ndani ya swali hilo. Angesema kwamba mtu anayemwamini katika mambo ya sheria alimwambia askari ni lazima watiiwe, ingeonekana wazi hakutoa kwa hiari. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake pamoja na nusu ya kanisa.

Akasema, "Hakuna. Niliamua mwenyewe."

Hakugeuka kunitazama. Wacera alikuwa tayari kueleza aliyoyasikia, lakini nilikuja kujua kwamba asubuhi ile mama yako alimsihi asilitaje jina langu. Na mimi, Fancy, mwenye mdomo na miguu ya kusimama, nilikaa kimya. Baraza likasema alihama kwa hiari yake.

Siku hizi yuko hapa kwetu. Anaamka saa kumi na moja kama zamani, anateleka sufuria kubwa, anapika chai ya watu thelathini. Ikichemka ndipo anakumbuka. Tunainywa hadi jioni.

Chumba bado hakijapangishwa. Wakili wetu anasema zimebaki siku kumi na mbili za kuomba uamuzi uangaliwe upya, na kwamba kiapo changu pamoja na cha Wacera huenda vikasaidia. Changu nimekiandika na kukitia sahihi. Mama yako amekataa kipelekwe. Anasema hawezi kumvua kaka yake nguo mbele ya watu aliowafundisha. Nimembembeleza mpaka nimechoka.

Wewe anakusikiliza. Mpigie wiki hii. Usimlaumu, wala usimwulize habari za ufunguo. Mwambie tu aniache niaibike.

Anti yako Molly anakusalimu sana, pamoja na Wacera, na kijana wetu Chepyegon anasema hajasahau ahadi yako ya viatu. Mungu akufunike huko uliko, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,

Aron