Wawira, Guka na Firigisi

Jumamosi, Kibugu. Ukungu umeshuka hadi kwenye mashamba ya chai, nguo nilizoanika juzi bado mbichi, na matope yamefika mlangoni. Kwa kawaida siku kama hii hunikuta nimenuna. Leo nimetulia kabisa, hata najishangaa.

Hebu nianze na Jumatano.

Jumatano niliitwa shuleni. Binti yangu Wawira, wa gredi ya kwanza, alikuwa amempiga mwenzake kwa jiwe mdomoni, ugomvi wa penseli. Jino lililotoka lilikuwa la utoto, tena lilikuwa limeshalegea, Mungu ni mwema. Lakini mwalimu alisema akirudia, atakaa nyumbani. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, "Mama Wawira, kwani huyu alizaliwa tu hivi?"

Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Swali hilo nimelala nalo tangu nimzae.

Mimi ni wa Mitunguu, kwenye ndizi na jua, nikaolewa huku kwenye chai na baridi. Huku binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa anahesabiwa kuwa ndiye nyanya huyo. Mama mkwe wangu, Wawira mkubwa, alikuwa ameshafariki, lakini sifa zake hazikuzikwa naye. Alimfukuza karani wa kituo cha kupimia chai kwa mizani ya karani mwenyewe. Mumewe, huyu Guka wetu, babu mpole, alichapwa mwiko mpaka akazoea kulala zizini na ng'ombe. Hadithi hizo husimuliwa hapa kila Krismasi, watu wakishika mbavu.

Basi mtoto alipozaliwa akilia kwa nguvu, wakasema amerudi.

Guka humwita "bibi yangu", yaani mke wangu, kama wazee wa huku wanavyomwita mjukuu aliyerithi jina la mke. Ni utani mtamu na niliupenda. Ila sisi tulipitiliza. Wawira akikunja uso, Guka anamwachia kiti. Akimchapa paka, nyumba nzima inapiga makofi: ni yeye mwenyewe! Na tukichinja kuku, firigisi, ambayo ni haki ya mzee wa boma, inawekwa kwenye sahani ya Wawira kabla hajaanza fujo. Guka hajawahi kuionja, maana zamani aliila mkewe.

Mimi nami nilicheka pamoja nao.

Jana nilimpeleka kwa daktari mjini Embu. Nilitaka apimwe damu, nijue kama hasira za nyanya yake zimo. Nilikuwa nimeshaweka tayari leso ya kufutia machozi. Daktari hakunicheka. Alisema ni kweli, wepesi wa hasira mtu anaweza kuurithi kwa kiasi fulani. Ni jeni nyingi, kila moja inaongeza kidogo, na hakuna kipimo cha kumwambia mama mtoto wake atakuwa mtu wa aina gani. Hakuna jeni ya kuokota jiwe, alisema. Halafu akauliza, "Sasa akipiga mtu hapo kwa nyumba, huwa mnamfanyia nini?"

Nilimshika Wawira mkono tukatoka, jibu nikalisema moyoni.

Tunampa firigisi, daktari.

Njiani nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote nilimtafuta shetani kwenye damu, kumbe tulikuwa tunamlisha mezani. Na Nyaga, mume wangu, ametoka tumbo la Wawira mkubwa mwenyewe, na hajawahi kuchapa hata mbuzi. Ushahidi nilikuwa nalala nao kitanda kimoja.

Shida ilikuwa nani atamwambia Guka. Mke wa mtoto hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Nilimtuma Nyaga, akatazama viatu vyake. Basi leo asubuhi nimempelekea Guka chai mimi mwenyewe, nikasema yote, macho yangu chini.

Alishika kikombe bila kunywa mpaka chai ikafanya utando.

"Hata yule mkubwa watu walikuwa wanamcheka," akasema. "Mimi pia nilikuwa nacheka, ndiyo wasijue nimeumia. Sasa hiyo maneno yake angeachia wapi, kama sisi tunacheka?"

Sijawahi kumsikia akisema aliumia. Nafikiri hakuna aliyewahi kumsikia. Nilitaka kumshika mkono, lakini heshima ilinizuia, nikamwongezea chai.

Mchana tulichinja jogoo. Wawira akagonga sahani, akainua mwiko juu, akasubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Guka alinyoosha mkono, akachukua firigisi na kuiuma nusu.

"Kaa chini, mjukuu wangu," alimwambia. "Mimi si bwana yako."

Mtoto alilia mpaka kuku waliobaki wakatoka uani. Tulimwacha alie, na kwangu hayo ndiyo yalikuwa magumu kuliko yote. Alipochoka aliweka mwiko chini, akasogea, akaegemea goti la babu yake.

"Guka, ni tamu?"

"Ni tamu sana," alisema akitafuna polepole. "Kumbe."

Akaomba. Akapewa nusu iliyobaki.

Jumatatu nitamjibu mwalimu. Nitamwambia labda alizaliwa na moto kidogo, kuni tuliweka sisi. Kesho Wawira ataamka na hasira zake, sijidanganyi, na sijui nitakuwa na subira ya kumwacha alie mara ngapi. Lakini sasa hivi namsikia uani na Guka. Wanagombania kiti.

Guka amekataa kusimama.