Alama Si Chanjo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na mpwa wangu. Sisi huku tu wazima. Mama naye mzima, mguu unamsumbua kama kawaida na ulimi haumsumbui hata kidogo. Nasikia ndui imeingia mji wenu, kwa hiyo kabla hujaendelea, mwite mwanao umtazame ile alama begani. Kama ni laini na inang'aa, hajachanjwa. Mpeleke leo hii. Barua hii ni ndefu, isome mkiwa kwenye foleni, maana yamenifika hapa shingoni.

Kazi yangu unaijua. Nachemsha sindano juu ya jiko la mafuta ya taa, kisha namfuata Bwana Afya kwa baiskeli mtaa kwa mtaa, namdondoshea mtoto tone la dawa begani na kuchanja papo hapo. Kazi yenyewe si nzito, wazito ni watu. Fundi cherehani anasema wanawe hawahitaji dawa kwa sababu hawazururi. Mke wa mwokaji mikate alimficha bintiye ndani ya pipa la unga, na mtoto alipotoka mweupe pe, akipiga chafya, mama mtu akaapa kwamba hamjui.

Lakini kosa kubwa ni la ofisi yetu. Mpiga mbiu alitumwa kutangaza kwamba shule haitampokea mtoto asiye na alama ya chanjo. Yeye, kwa uvivu wake, akapita akipaza sauti, "Alama! Kila mtoto na alama!" Basi watu wakaelewa kwamba kinachotakiwa ni alama.

Juzi tukakagua shule ya mtaani kwetu. Bega baada ya bega, alama ni zile zile, laini kama sahani. Chanjo ya kweli hutoa lengelenge, nalo likikauka huacha kovu lililobonyea, lenye vitobo-vitobo. Bwana Afya akamwuliza msichana mmoja ni nani aliyemchanja. Mtoto yule, bila wasiwasi wowote, akaninyooshea mimi kidole na kusema ni bibi, mama yake huyu. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilirudi nyumbani natoka moshi. Mama alikuwa uani anapepeta mchele, wala hakukana. Alisema watu wametaka alama na yeye amewapa alama. Anapaka mafuta ya ganda la korosho, ngozi inaungua kidogo, inapona, mtoto anasoma. Nikamwuliza kama alimpaka na mjukuu wake alipokuja likizo. Akajibu kwamba huyo ndiye aliyeanza naye. Nilifoka, sikufichi. Nilimwambia atawamaliza watoto wa mtaa mzima, na mimi ameshanivua nguo mbele ya mkubwa wangu.

Hapo akaweka ungo chini, akaniambia kwamba wewe si kifungua mimba wake. Kabla yako alikuwepo mtoto wa kiume, ameshaanza kusimama dede. Wachanjaji walipopita, Mama aliogopa kukemewa, akampeleka hali anachemka kwa homa. Akachanjwa, na wiki haikuisha. Baba akakataza asitajwe tena. Nilimweleza Mama kwamba homa ile ilikuwepo kabla ya sindano. Akasema anajua, tangu siku ile anajua, na ndiyo maana hakuwahi kumlaumu mchanjaji.

Usidhani hasira zimeniisha. Sina tu pa kuziweka. Nimemwambia kesho tunapita wote nyumba kwa nyumba, aseme kwa mdomo wake kwamba alama zake hazikingi kitu, nami nichanje upya. Amekubali, huku akinung'unika kuhusu mguu.

Ameniomba nikuandikie jambo moja. Kabla hujamvua mtoto shati, mwekee kiganja kwenye paji la uso. Akiwa wa moto, mwambie mchanjaji, hata akikukemea mbele za watu. Yeye siku ile hakusema.

Msalimie sana shemeji, na mtoto mwambie mjomba anamkumbuka. Mama anakusalimu, amelia, sasa amelala.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa tatu wa Mama.