Vijiti Nilivyoving'oa, Baba Hilda

Baba Hilda,

Shikamoo. Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike nyuma ya mikorosho yako hapa Mkunya, na mvua imeshashuka mara nne. Muhogo uliopanda kabla ya kuugua umechipua wote. Mama Hilda hajambo, ila chakula anakidonoa tu. Hilda amekwisha kurudi kazini kwake. Zaituni wangu ndiye aliyeninunulia daftari hili, akaniambia, "Mama, kama huwezi kulala kwa ajili ya mzee, mwandikie." Niliishia darasa la saba kule Lukuledi na sijawahi kuandika barua ndefu. Nikikosea utanivumilia. Ulinivumilia kubwa zaidi ya hili.

Nianze na mazishi, maana hukuyaona.

Walikuja wanajeshi kwa gari mbili. Walikuvika bendera, wakapiga risasi hewani, na kuku wa kijiji kizima wakakimbilia porini. Nishani yako iliwekwa juu ya mto mdogo mwekundu, kijana mmoja akaibeba mbele ya jeneza. Wakati huo huo mtani wako Mzee Saidi, yule Myao wa sokoni, akajitupa chini kwenye vumbi mbele ya wabebaji. Akaanza kutambaa kwa tumbo, anachoma ardhi kwa kijiti, anapuliza vumbi, anageuka nyuma na kusema, "Taratibu jamani, njia haijasafishwa. Mnataka kumlipua Mmakonde wangu?" Watu walicheka wakilia. Wale wanajeshi wageni walishangaa, mpaka mkubwa wao alipoelezwa habari za utani, naye akageuka pembeni akajifuta macho.

Halafu akasimama Mzee Mtipa, aliyetoka Masasi, mliyekuwa naye kikosi kimoja. Sote tulijua una nishani ya ushupavu. Kila sikukuu ya Uhuru ulivaa koti lako la kahawia ukapanda pikipiki ya kukodi kwenda Newala mjini, nishani kifuani, umekaa wima kama mti wa bendera. Lakini tulipokuuliza uliipataje, jibu lako lilikuwa moja: "Siku ile niliharisha tangu alfajiri. Hayo hawakuyaandika." Basi tukacheka, tukaacha kuuliza.

Mzee Mtipa ndiye aliyetueleza. Alisema wewe ulikuwa mtegua mabomu, na kwamba kule Uganda mlifika mahali barabara imepita katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku, hakuna pa kukwepea. Gari la mbele likakanyaga bomu. Majeruhi wakawa wamelala upande wa mbele, na kutoka kilimani adui anamimina risasi. Hakuna aliyeweza kuwafuata, kwa sababu hakuna aliyejua barabara ile imetegwa mabomu mangapi. Ukalala chini na singe yako, ukaanza kuchoma udongo kidogo kidogo, risasi zinapita juu ya mgongo wako. Ukafungua njia. Wabeba machela wakapita, majeruhi wakatolewa wote, na Mzee Mtipa mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Mngedhani amemaliza," akasema. "Wote tumeshatoka, yeye akarudi. Afande akamfokea, 'Unakwenda wapi?' Akajibu kuna sehemu ya hatua mbili ameipita kwa haraka na roho yake haijatulia, na wenzetu wanakuja nyuma." Na kweli bomu lilikuwepo. Hapo ndipo ulipoacha vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Miaka yote ile nilikuwa nakuona ukishika jembe kwa vidole vitatu na nilifikiri ni mashine ya kukoboa iliyokukata. Nilisimama pale kaburini nikasema moyoni: kumbe wenzangu ndiyo kwanza wanamjua mtu huyu leo. Mimi nilishamjua. Mimi nilimwona kwa macho yangu akitambaa hadi miguuni pangu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Zaituni alikuwa na miezi kumi. Mume wangu alikuwa ameniacha na mdomo wa kulisha, na eneo langu la mpunga kule bondeni, upande wa Ruvuma, lilikuwa dogo kama mkeka. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na udongo mweusi wa mafuta ambao hakuna aliyeulima. Wewe ndiye uliyepazungushia vijiti vyenye kitambaa chekundu, miaka mingi kabla. Ulisema pamebaki mabomu ya wakati wa vita vya Mreno, kwamba ulipokuwa kijana uliona ng'ombe akiraruka pale. Ulikwenda ofisi hii na ile kuomba waje kuyatoa, ukaambiwa subiri, nawe kila mwaka baada ya masika ulishuka lile genge la bondeni kwa miguu kwenda kuchomeka vijiti vipya. Watu walikuona kama mzee mwenye woga wa vita uliomgandia.

Hata mimi nilikuona hivyo. Nikaving'oa. Vinne. Nikavuka kijito, nikavifunga kwenye mzigo wa kuni niliouacha palepale shambani, nikalima asubuhi mbili na hakikutokea kitu. Asubuhi ya tatu nilikwenda na mbuzi wangu, nikamfunga kwenye kisiki. Akakata kamba, akakimbia mbele yangu hatua kama ishirini.

Sauti ile sitaieleza. Nilipofungua macho mbuzi hakuwepo, ila vumbi na harufu, na Zaituni analia mgongoni. Nikatazama miguu yangu. Nikaelewa kwamba kote nilikopita nilipita kwa bahati, na kwamba sijui tena nilipita wapi, kwa sababu udongo wote niliulima na nyayo zote zinafanana.

Watu walikusanyika ng'ambo ya kijito wakinipigia kelele nisisogee. Kijana mmoja akapanda baiskeli kwenda kukuita. Jua lilipanda, likaanza kuinama, nimesimama palepale. Nilimnyonyesha Zaituni nimesimama. Nilijikojolea nimesimama.

Kisha nikakuona unashuka. Goti lako lilikuwa bovu tayari, ulitangulia na mguu mmoja kama mtu anayeshuka ngazi. Hukupaza sauti. Ukavua viatu, ukavua shati ukalikunja, ukaomba kisu, spoki ya baiskeli, na ndoo ya majivu. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Shikamoo, Baba Hilda."

"Marahaba, Mama Zaituni. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Vizuri. Usihamishe mguu hata nzi akikutambalia. Mkaze mtoto kwenye kanga. Mimi nakuja, ila nakuja kizee."

Ukalala kwa tumbo, ukaanza. Unachoma spoki kwa kulaza, polepole, unasikiliza, unachoma tena. Ukiridhika unamwaga majivu konzi moja, unasogea kiganja kimoja. Na muda wote ulikuwa unaniongelesha. Uliniuliza jana nimepika nini. Nikasema ming'oko, ile mizizi niliyoichimba porini. Ukaniuliza naichemsha na chumvi au bila chumvi, nikajibu, ukanibishia. Ulinibishia habari ya chumvi, Baba Hilda, na jasho linakudondoka kwenye udongo ambao ungeweza kukupasua wakati wowote. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa unanishikilia nisianguke. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuona giza.

Ulipobakiza kama urefu wa kitanda, ukanyamaza. Spoki ilikuwa imegusa kitu. Ukafukua kwa vidole vile vitatu, ukapuliza, ukatazama. Lilikuwa nyuma ya kisigino changu cha kulia, hatua mbili. Ukaniambia, "Kuna mwenzetu hapa amelala. Tusimwamshe." Ukazunguka.

Ukafika miguuni pangu. Na pale miguuni pangu palikuwa na mzigo wangu wa kuni, na kwenye mzigo, vijiti vyako. Vitambaa vyekundu vinaning'inia.

Uliviona. Nilikuona ukiviona. Uliinua uso ukanitazama, nami nilitamani bora bomu lilipuke. Ukanyoosha mkono ukachomoa kijiti kimoja, ukageuka kwa tumbo, ukakichomeka pembeni ya lile bomu, ukahakikisha kimesimama. Ukachomoa vitatu vilivyobaki ukavishika mkononi. Halafu ukasema, "Twende. Kanyaga kwenye majivu tu. Mimi nyuma yako."

Tukatoka.

Wiki iliyofuata ndipo zile ofisi ziliposikia, wakaja wataalamu wakapima bonde lote na kuyalipua yaliyobaki. Kijana mmoja mwenye cheo akaitisha watu, akauliza kwa ukali kwa nini upande ule haukuwa na alama. Akauliza nani aling'oa. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nimembeba Zaituni. Ulimi wangu ukawa jiwe.

Ukatoka mbele. Ukasema, "Afande, ni mimi. Nilivichomeka kijuujuu, mvua ikavisomba."

Akakufokea. Akakuambia mtu mwenye uzoefu wako alipaswa kuona aibu, kwamba uzembe wako nusura uue mama na mtoto. Ulisimama wima, mikono ubavuni, na nywele zako nyeupe, mbele ya kijiji kizima, mbele ya kijana aliye rika la wajukuu zako. Ukajibu, "Ndiyo, afande." Wapo waliokusema kwa miezi. Wapo waliosema Mzee Sajini, kama walivyokuita, ameanza kuzeeka, hata kuchomeka vijiti kunamshinda. Uliyasikia. Ukaendelea kunisalimia njiani kama kawaida, "Mama Zaituni, hamjambo huko?"

Mara moja nilikuja kwako msimu wa korosho nikapiga magoti uani nikaanza kusema. Ulikuwa unachambua korosho kwenye turubai, ukaninyamazisha kabla sijafika katikati. Ukasema, "Bomu likishateguliwa, Mama Zaituni, halitegwi tena." Ukanisogezea kigoda nikusaidie kuchambua.

Nimefikiria sana jambo hili tangu ulipolazwa hospitali ya Mkomaindo. Nilikuletea uji siku zile tatu, unakumbuka, ukawa unanywa vijiko viwili ili tu nisijisikie vibaya. Nilikuwa nakutazama ulivyolala kando ya ukuta mle wodini nikijiuliza, kipi kilikuwa kigumu zaidi? Kule Uganda ulikuwa na wenzako nyuma yako na wakubwa waliokuona. Bondeni kulikuwa na watu ng'ambo ya kijito. Lakini siku ile ya kufokewa hakukuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua unachofanya, isipokuwa mimi niliyefumba mdomo. Watu wanatambaa kuokoa uhai, nimesikia. Wewe uliokoa hata heshima yangu. Kijiji kingenifukuza, Baba Hilda. Mwanamke asiye na mume aliyeng'oa alama za mabomu. Ningekwenda wapi na mtoto?

Sasa sikiliza. Siku ya arobaini yako walikuja watu wengi. Wakasema mema. Mmoja, hakukusudia ubaya, akasema, "Tumsamehe tu ule uzembe wa bondeni, binadamu hakosi kukosea." Nikahisi miguu inasimama yenyewe. Nikasema yote. Nikataja vijiti vinne, nikataja mzigo wa kuni, nikasema mvua haikung'oa kitu. Zaituni alikuwa amekaa karibu na mlango, naye alikuwa hajawahi kusikia. Nilipomaliza nilimgeukia Mama Hilda nikapiga magoti, nikamwambia, "Dada yangu, najua yeye alikwambia na wewe ukanistahi miaka yote. Nisamehe."

Mama Hilda alinitazama. Kisha akasema, "Hakuniambia. Hata mimi nilimsema kwa habari ya vijiti vile. Nilimsema mezani, nikamsema kitandani, na yeye ananijibu, nitavichomeka vizuri mwaka kesho."

Akaanza kulia, na mimi nikalia, tukashikana. Sijui kama amenisamehe. Kesho yake alimtuma mtu aniite tukatwange pamoja.

Kijiji hakijanifukuza. Wapo wanaonipita bila salamu, na ni haki yao. Zaituni alininunia siku nne. Siku ya tano akaniomba nimpeleke bondeni nimwonyeshe. Tulishuka wote wawili. Siku hizi pale ni mpunga mtupu, kijani mpaka kijitoni, watoto wanafukuza ndege. Alikaa akatazama, akaniuliza ulikuwa mrefu kiasi gani ulipokuwa kijana, na ulikuwa unaogopa nini.

Mimi ni Mwislamu na wewe umezikwa na padri wenu, kwa hiyo sijui kama dua zangu zinafika mlango ule ulioingilia. Nazituma hivyo hivyo, kila baada ya alfajiri. Ahadi yangu ni hii: Mama Hilda hatachota maji peke yake wala kulima peke yake nikiwa hai, na mimi nikiondoka Zaituni ameshika zamu. Na popote nitakaposikia jina lako likitajwa pamoja na uzembe, nitasimama niseme ni mimi, hata kama ni sokoni, hata kama ni mbele ya wageni.

Buriani, Baba Hilda. Naweka kalamu chini. Mama Hilda ananiita tukapalilie kabla jua halijawa kali, nami ninakwenda.

Mama Zaituni
Mkunya