Msemaji wa Jumamosi ya Nne

Nakawa, Kampala
12 Juni 1993

Kwako dada yangu mpendwa Nabalayo,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Kimilili, wewe na wanao, na yule ng'ombe mwenye pembe moja kama bado hamjamuuza. Goti lako linasemaje siku hizi? Mahindi je, yamesimama au yameinama? Ukitaka kujua habari zangu, mimi ni mzima, nakula, nacheka, ila mgongo umepinda kidogo kwa sababu ya godoro nililopewa na Yasiin, yule Mnubi ninayekaa kwake, ambalo katikati lina bonde kama la kule kwetu mtoni.

Dada, kama umesimama, tafuta kiti. Kuna watu ambao bahati huwapitia dirishani tu ikiwahi kwingine. Kwangu mimi inaingia mlangoni, inavua viatu na kuitisha chai. Nimechaguliwa Mwenyekiti wa Mihadhara ya Majirani hapa Nakawa! Jumamosi nne za kwanza za Julai, watu wakubwa watasimama katika ukumbi wa Mama Nabilah watufundishe, na wasemaji wote wanne nimewatafuta mimi, kwa miguu yangu na kwa mdomo wangu. Wote wamekubali. Wa kwanza ni daktari, wa pili ni mwalimu wa Lubaga, wa tatu ni fundi wa injini za meli. Wa nne ndiye mkubwa kuliko wote, na jina lake utalikuta huko chini ya barua, kwa hiyo usiruke mistari. Wasomee watu wa huko, hasa yule mwalimu aliyesema kwamba Khaemba atakufa akijua herufi za kwenye magunia ya mbolea tu. Mwambie darasa la sita nililisoma mara mbili, na sita mara mbili ni kumi na mbili.

Ukumbi wenyewe unaujua kuliko mimi, maana wewe na marehemu shemeji Okinyi mlikaa miaka mingi katika chumba cha nyuma yake kabla mimi sijaota hata ndevu. Siku hizi Mama Nabilah amezeeka, lakini jicho lake bado linakata kama wembe. Ametuambia kwamba ukumbi umechoka kukaa kimya. Kuna Mkenya mwenzetu, Omolo, anautaka aufanye kibanda cha video, watu waje kuona Wachina wakipigana mateke kutoka asubuhi. Ameshapima ukuta kwa futi ya fundi nguo. Mama Nabilah akasema atatupa sisi majirani Jumamosi nne. Watu wakijaa kusikiliza maneno ya maana, ukumbi utabaki wetu, kwa masomo ya jioni na vikao vya misiba na kila kitu. Wasipojaa, Omolo achukue ufunguo. Mimi masomo hayo ya jioni nahudhuria, Dada. Si kwamba nina shida ya kusoma, la, naenda kuwatia wengine moyo.

Basi tukaunda kamati, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Sisi Wakenya tulikaa upande wa kushoto, Wanubi upande wa kulia, na Waganda wakasimama mlangoni waone kwanza kama kuna chai. Tukabishana siku. Ijumaa ikakataliwa kwa sababu Waislamu wanaswali. Jumapili ikakataliwa kwa sababu sisi tunaimba. Tukasema Jumamosi, kinyozi wetu Msabato akainuka na kusema kwamba hiyo ndiyo siku ya Bwana na hawezi kufanya kazi. Yasiin, ambaye ni katibu, akamwambia kwamba kukaa na kunyamaza si kazi, ingawa kwa kinyozi huenda ikawa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na benchi, na katika kelele hizo Jumamosi ikapita. Mpaka leo sijui ilipitishwa na nani.

Mada nazo zilinichanganya. Tuliandika ubaoni malaria, tukafuta, tukaandika biashara, tukafuta, tukaandika ziwa. Mimi nilipendekeza tulete mtu wa kutueleza kwa nini Kampala pancha ni nyingi kuliko magari. Yasiin akasema kwamba jibu analo fundi wa pancha anayemwaga misumari barabarani, na akanitazama. Nilimsamehe kwa sababu nalala kwake.

Kwenda kuwaomba wasemaji nilijitolea mwenyewe, maana mimi ni mtu niliyefika Mombasa mara mbili na Kigali mara moja na nusu. Nilivaa koti la marehemu shemeji, lile uliloniachia, nikaenda nyumba kwa nyumba kama baba alivyotufundisha. Unaikumbuka sheria ya baba? Ukimpelekea mtu neno lako, naye akakuandalia, mkala pamoja, neno limepita. Asiyetaka neno lako hakupi chakula, na asiyetaka la mwenzake hagusi chakula chake. Unakumbuka siku baba alipokataa mahari ya yule mjane wa Webuye, akatoka kwenye kuku mzima bila kulamba kidole, akatembea na njaa mpaka nyumbani? Mimi nilikuwa nyuma yake nikilia, si kwa ajili ya mahari, kwa ajili ya kuku.

Daktari Acayo ana zahanati kule karibu na soko. Nilimwomba aje atueleze malaria. Akanisikiliza, akaitisha matoke na mchuzi wa njugu, tukala. Nikajua, wa kwanza huyo. Mwalimu wa Lubaga ni mstaafu, nyumba yake iko chini kidogo ya kanisa kubwa. Akanipa chai, mayai na mkate, akaniongeza mayai. Nikajua, wa pili. Mzee Alal wa Luzira, aliyetengeneza injini za meli pale Port Bell mpaka akastaafu, alinipa samaki mkubwa hivi kwamba macho yake yalinitazama kama karani wa uhamiaji. Sikubakiza hata mfupa. Wa tatu! Nilirudi Nakawa nikipiga mluzi, nikayaandika majina yote ubaoni kwa chaki, kwa herufi kubwa.

Baada ya hapo mambo madogo madogo yakaanza kunitatiza. Nilikutana na Daktari Acayo sokoni, nikamwuliza amejiandaa vipi. Akaniuliza kama ni kwa ajili ya minyoo. Nilipomkumbusha habari ya ukumbi alisema, "Ah, bambi, lile wazo zuri," ile bambi yao ya kumhurumia mtu, akanunua nyanya zake akaenda. Mwalimu wa Lubaga nilikuta mlango wake umefungwa, jirani akaniambia kwamba amekwenda Masaka kwa binti yake na atarudi Agosti. Mzee Alal alimtumia Yasiin ujumbe kwamba alifurahi sana kunilisha, niende tena, lakini yeye tangu azaliwe hajawahi kusimama mbele ya watu, hata harusini kwake alisemewa na kaka yake. Mimi sikuelewa. Mtu amekulisha samaki wa namna ile, halafu?

Yasiin alinikalisha chini, akanicheka kwanza mpaka akamaliza, halafu akaniambia kwamba mimi ni mjinga mwenye tumbo. Alisema hapa mgeni hulishwa kwanza, ndipo watu waanze kufikiri alichokuja kutaka. Kwao Wanubi hata mdai hulishwa, hata mtu aliyekuja kukutukana hunawishwa mikono kabla hajafungua kinywa. Chakula si jibu, alisema, chakula ni adabu tu. Akaniuliza kama katika nyumba zote hizo kuna mtu aliyetamka neno ndiyo. Nilifikiri sana, Dada. Nilimkumbuka samaki vizuri, na mayai, lakini hilo neno sikulikumbuka.

Kabla sijapata njia ya kuwaeleza wanakamati, Mama Nabilah akaniita. Nilimkuta kibarazani na Omolo akiwa uani, futi yake shingoni, akisubiri. Mama alikuwa ameshasikia kila kitu, maana Yasiin akipewa siri huibeba kama maji kwenye kikapu. Hakunigombeza. Aliniletea gurusa, zile chapati zao laini, na mchuzi wa nyama, akaninawisha mwenyewe. Nilipokuwa nimejaza shavu akaniambia kwamba madaktari na walimu aliwasikia maisha yake yote, hao hawamnyimi usingizi. Msemaji anayemtaka yeye ni mmoja, na watu wa Nakawa ambao leo wanapita wakiwatazama watoto wake Wanubi kwa pembe ya jicho wamsikie kwa masikio yao.

Ndipo akanisimulia, Dada, jambo ambalo hukuwahi kunisimulia. Kwamba mwaka wa sabini na tisa, walipokimbia usiku na watoto mgongoni kwa sababu kila Mnubi aliitwa askari wa serikali iliyoanguka, ufunguo wa ukumbi alikuachia wewe. Kwamba watu walikuja na ngazi kung'oa mabati, nao walikuwa majirani, si wageni. Nawe ulikuwa na sufuria ya maharagwe jikoni, ukawaambia wana njaa, wakae wale kwanza. Walipomaliza ukasimama mlangoni ukawaambia kwamba kwa baba yako, aliyekula ameshakubali, na neno lako ni kwamba paa libaki. Walikucheka, wengine walikutukana, lakini waliondoka na bati moja tu. Mama Nabilah aliporudi baada ya vita vya themanini na sita, alikuta nyumba yake haina kitu, ila ukumbi una paa, na kwenye pengo la bati moja umeweka turubai.

Mimi nilikuwa natafuna tu na machozi yanaingia kwenye mchuzi. Akaniuliza kama nitakuleta. Nilitaka kusema kwamba dada yangu tangu shemeji Okinyi atolewe kwenye gari pale kwenye kizuizi cha barabara asionekane tena, aliapa kwamba hatavuka tena mpaka wa Malaba hadi afe. Nilitaka kusema kwamba hata koti la shemeji nilipewa bila kuambiwa neno. Lakini mkono wangu, Dada, sijui mkono huu ulilelewa na nani, ukachukua gurusa nyingine ukatia mdomoni. Mama Nabilah akapiga makofi akamwita Omolo aje ashuhudie. Akasema, "Kwa baba yake, aliyekula amekubali." Omolo akakunja futi yake akasema basi atasubiri hizo Jumamosi nne, ila macho yake hayakutoka ukutani.

Kwa hiyo msemaji wa Jumamosi ya nne ni wewe. Jina lako liko ubaoni, nimeliandika mwenyewe, na nimeliandika kabla ya kukuuliza. Naomba unisamehe kwa hilo. Sijui kama nimekufanyia heshima au ubaya, kila nikilala najibu tofauti. Sikulazimishi uzungumzie shemeji. Zungumza maharagwe tu. Ukiamua kuja, mimi mwenyewe nitakupokea Malaba, ndani ya gari nitakaa mimi dirishani, upande wa kizuizi kile, na ukitaka tufunge macho tutafunga wote wawili.

Barua hii inaletwa na Joska, yule mama anayefanya biashara ya nguo hapo mpakani, naye ni mwaminifu. Amebeba pia kifurushi cha kashata za simsim kutoka kwa Mama Nabilah, kimefungwa kwa kitambaa cha kijani. Sharti alilonipa niliseme ni hili: ukipenda kukataa, mrudishie Joska kifurushi kama kilivyo, hakuna atakayekulaumu, na ufunguo utakwenda kwa Omolo kwa amani. Lakini ukionja hata moja, unaijua sheria ya nyumba yetu. Nikuonye tu kwamba moja imepungua. Hiyo niliila mimi, na mimi nilishakubali.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo, nisalimie na makaburi ya wazazi ukipita pale. Yasiin anakusalimu, ameniambia niandike kwamba yeye ndiye aliyenipa kalamu. Mungu akulinde, na goti lako likubali safari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Khaemba
Mwenyekiti

Nimeshakunja karatasi, nimeikunjua tena. Pale juu nilikuambia kwamba wote wanne wamekubali. Nilidanganya, Dada. Hakuna aliyekubali hata mmoja, na ubaoni limebaki jina lako peke yake.