Wanawake Waliolima Bila Kuitwa

Jumatatu, 3 Machi 1975
Koboko, Uganda. Nimepiga taipu tangu asubuhi ofisini kwa chifu. Elia, bwana afya, alipita na baiskeli. Hakuniomba kitabu cha kusoma kama zamani. Aliuliza kama nimemwona Kiden.
Kiden! Tulikaa dawati moja shuleni Lobule. Mimi niliendelea na masomo Arua, yeye akaendelea na jembe.

Alhamisi, 6 Machi
Kiden na wenzake wamelima shamba la muhogo la chifu. Hakuwaita. Kwetu ukilimiwa bila kuita, sharti uwapikie kwete, pombe ya mahindi yaliyochipushwa, na wakinywa uwasikilize. Wanataka kisima.
Nilimwambia Elia vitabu vina jina lao: kundi la shinikizo. Hawataki kutawala. Wanataka anayetawala asilale mpaka awasikie. Alinitazama kama zamani. Furaha siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Neno langu Elia amempelekea Kiden. Sokoni, mbele ya watu: "Kiden, nyinyi ni kundi la shinikizo!"
"Hiyo jina iko tamu," Kiden akacheka, "inapita kwete."
Sasa wanaliimba. Namchukia. Hata meno yake nayachukia.

Jumatatu, 10 Machi
Chifu ameusikia wimbo. Askari wa zamani. Vyama ni marufuku, na watu hukamatwa kwa madogo kuliko haya. Alifunga mlango.
"Binti, wewe umesoma. Hii shinikizo iko chama?"
Ndiyo moja tu, Kiden angepandishwa lori la jeshi. Akilini nilimwona Elia akirudi kwangu kuomba vitabu. Nilikawia kujibu. Nilikawia sana.
"Hapana, mzee. Chama kinataka kiti chako. Hawa wanataka maji. Wamekulimia, wanangoja kwete."
Akaufungua mlango. Kisha akacheka. "Hii wanawake wamenishika!"

Jumatano, 19 Machi
Kwete imenywewa kwa chifu. Kisima kitachimbwa. Elia alikaa ubavuni mwa Kiden, wakinywa kibuyu kimoja. Hakuna ajuaye nilichosema. Sitasema. Inaniuma vilevile.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua ya kwanza jana. Leo nimeamshwa na nyimbo. Kiden na wenzake, shambani kwa mama. Hatukuwaita.
"Unataka nini?" nikamuuliza.
"Dada, unajua. Elia anataka kuleta watu kwetu kuniposa. Mimi sitakubali kama wewe utanuna. Lakini usijibu sasa. Pika kwanza."
Walimaliza, wakaenda. Mistari imenyooka.
Nimeloweka mahindi ya kwete. Hayajaanza kuchipua.