Barua Iliyosema Taa Zetu ni Mbovu

Jumatatu, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imegoma.

Wewe uliyefika hapa, nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Usimwambie mtu. Usinakili, usiupige picha ukurasa huu, usimsomee hata yule mnayelala chumba kimoja. Nimeufunga kwa neno la siri, na waliopewa neno hilo ni watu saba tu. Nikisikia jambo la humu linasemwa mjini nitajua limetoka kwa mmoja wenu, na mimi nitakuwa sina kazi. Labda kazi ndiyo itakuwa hasara ndogo.

Naogopa. Nimeanza na hilo ili huko mbele nisije nikajifanya jasiri.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni karani wa timu yetu hapa Shinyanga. Nafungua barua, nachapa majibu, napiga mhuri, naweka nakala kwenye faili. Chuoni nilisomea utunzaji wa kumbukumbu, na kitu tulichoambiwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ni kwamba nakala haitolewi kwenye faili.

Leo Katibu ameniambia nitoe moja niichane.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikiharakisha nitaruka yale yanayonihusu mimi.

Mashabiki wetu wana donda la miaka mingi. Timu kubwa za Dar zinacheza saa moja usiku, taa zikimulika, nchi nzima ikiwa imekaa mbele ya runinga. Sisi tunacheza saa nane mchana, jua likiwa utosini, wakati watu wako makazini na mashambani. Kwetu analetwa mtu mmoja na kamera moja. Mtangazaji aliyeko studio anatuita "vijana wa machimboni" dakika zote tisini, ingawa nusu ya kikosi hawajawahi kushika sururu, na jina la mshambuliaji wetu analitamka kwa namna tatu katika mechi moja. Kesho yake gazetini tunapata mistari minne chini ya tangazo la kubashiri. Hayo yote ni kweli. Sitaki mtu aseme mashabiki wetu wanalia bure.

Ila kuna jambo hawalijui. Mimi nililijua wiki ya tatu kazini, nilipokuwa napanga mafaili ya zamani.

Saa nane tunaiomba wenyewe.

Kila ratiba inapoandaliwa, klabu inajaza fomu ya saa inayoipendelea kwa mechi za nyumbani. Kabla na baada ya mimi kuingia, fomu zetu zinasema saa nane. Viongozi wanaliamini jua. Wachezaji wetu wanafanya mazoezi saa hiyohiyo, na benchi la wageni limewekwa upande ambao kivuli hakifiki. Timu iliyozoea kucheza usiku, ikifika dakika ya sitini, inaanza kujimwagia maji kichwani. Mwenyekiti analiita jua beki wetu wa tano. Halafu akishasaini fomu anakwenda redioni kulalamika kwamba tumenyimwa usiku, na mji mzima unampenda kwa hilo.

Nilinyamaza. Nilijiambia hayo ni mambo ya wakubwa.

Mwaka jana uwanja ukafungiwa taa, nguzo nne. Siku taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza watu walitoka mpaka machimbo ya Nyarugusu, wamesimama kwenye Fuso na kofia zao za machimbo, wakaja kuzitazama tu. Hapakuwa na mechi. Tulikaa jukwaani tukaangalia nyasi zikiwa kijani usiku, na mzee mmoja mbele yangu alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

Wiki tatu zilizopita barua ilifika. Kituo cha televisheni kimependekeza, na ofisi ya ligi inauliza kama tumekubali, mechi yetu na timu kubwa kuliko zote ichezwe Jumamosi saa moja usiku, nyumbani kwetu, kamera nane. Niliisoma mara mbili nimesimama. Nilikimbia nayo chumba cha pili, kwa wakubwa, kama mtu aliyebeba chai ya moto.

Mwenyekiti aliisoma, akaikunja, akaangalia dirishani. Akamwambia Katibu kwamba usiku, bila jua, hawa watatufunga tano nchi nzima ikitazama, na yeye hataki kuaibika. Waje saa nane kama wengine.

Niliuliza tuandike sababu gani.

"Binti, wewe ndiye umesoma," Katibu akasema. "Tafuta sababu yenye heshima."

Nikaitafuta. Hapa ndipo nilipotaka kuruka. Hakuna aliyenitajia cha kuandika. Nilirudi mezani, nikafikiri kama nusu saa, nikachapa: *Taa za nguzo mbili za upande wa mashariki zina hitilafu, na fundi wake yuko safarini.* Yule fundi aliyeko safarini nilimwongeza mimi, ili sentensi isionekane kavu. Niliona imekaa vizuri. Katibu alipoisoma alicheka, akanipigapiga begani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Barua ikaenda. Siku chache baadaye televisheni ikatangaza kwamba mechi yetu itachezwa saa nane mchana kwa sababu taa za uwanja ni mbovu.

Mji ulichafuka. Kila mtu alikuwa ameziona zinawaka. Asubuhi hiyo bodaboda aliyenipeleka kazini alinigeukia nyuma njia nzima: "Dada wa ofisini, hizo taa zenu zinaumwa nini, malaria?" Nikacheka ili asinione usoni.

Jioni Mwenyekiti akaenda redioni. Nilisikiliza nikiwa napiga pasi. Mtangazaji alimuuliza habari ya taa mbovu imetoka wapi. Angeweza kusema ni kosa la mawasiliano. Angeweza kunyamaza. Badala yake alishusha sauti, kama anavyofanya akitaka watu wasogee karibu.

"Mimi sijui nani aliwaambia. Ila mtu wa televisheni anaishi humuhumu mjini, mnamwona na kamera yake. Mimi sijataja jina."

Mtu huyo ni mmoja wenu ninyi saba. Nitamwita Ndaki, ingawa si jina lake. Ndiye mwakilishi wa kituo hicho mkoani kwetu, yule mtu mmoja mwenye kamera moja. Ndiye aliyenifundisha kufungua ukurasa huu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ofisi akisubiri orodha ya wachezaji. Kila wiki alikuwa akiwapigia simu mabosi wake kuwaomba watuletee hata kamera ya pili. Kila wiki wakimkatalia anakuja kuniambia, kama vile kosa ni lake.

Jumamosi tulicheza. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Ndaki alikuwa juu ya jukwaa lake la mbao, peke yake, ameweka taulo begani. Mechi yetu haikurushwa moja kwa moja, saa ileile walikuwa wanaonyesha nyingine, na yeye alikuwa anarekodi ili waonyeshe dakika chache baadaye.

Tukashinda. Bao moja, dakika ya themanini na tatu, kichwa kutoka kona. Jua lilifanya kazi yake: mabeki wa wageni hawakuruka, walisimama tu kama watu wanaosubiri ruhusa. Ni ushindi ambao timu yetu haijawahi kuupata, na nje ya uwanja ule hakuna aliyeuona.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilidhani furaha itazima hasira. Ikawa ndiyo imemwagiwa mafuta. Kundi lilikwenda kwenye jukwaa la mbao. Walikuwa wanacheka, hilo ndilo linanitisha mpaka sasa. Walimwambia ashuke awaonyeshe zile taa mbovu. Mtu akavuta ngazi. Ndaki alianguka na kamera yake chini.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa vyumba vya kubadilishia nguo, nimeshika karatasi zangu. Alipokuwa anainuka, mkono ukiwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, macho yake yalizunguka kutafuta mtu anayemjua. Yakanipata.

Niliingia ndani nikafunga mlango.

Kifundo cha mkono kimevunjika sehemu mbili. Kamera imekwisha. Lile bao halipo popote. Kwenye simu za watu kuna video za migongo ya watu wengine wakiruka. Ndaki yuko kwa mama yake huko Mhunze, na simu yake haipatikani tangu jana.

Leo asubuhi barua ya kituo chake imefika. Kina maswali machache, kwa lugha ya upole. Kinasema mwakilishi wao anatuhumiwa kutoa taarifa ya uongo kuhusu uwanja, kwamba wamemsimamisha mpaka jambo lieleweke, na kinaomba klabu ithibitishe kama taarifa ya taa ilitoka kwetu au la. Ofisi ya ligi, wanasema, imewajibu kwamba iliipokea taarifa hiyo kwa njia ya kawaida, basi, bila kusema kutoka kwa nani.

Neno letu moja tu linatosha kumrudisha kazini.

Katibu aliniita. Nichape: *Klabu haina kumbukumbu ya kutoa taarifa hiyo.* Halafu nikatoe nakala ya ile barua yetu ya taa ya wiki tatu zilizopita, ili kweli kumbukumbu isiwepo. Alilisema hilo la pili kwa sauti ya mtu anayekumbusha dirisha lifungwe.

Nilisema ndiyo. Ndilo neno ninalolijua vizuri kuliko yote ofisini. Na msinihukumu haraka: Mwenyekiti ndiye aliyesimamia msiba wa baba yangu, alilala matanga siku tatu, na ndiye aliyeniita kwenye kazi hii nilipokuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima na cheti changu. Nikikutana naye nampa shikamoo na anaitikia marahaba kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba amesema uongo, ukijua uongo wenyewe uliuchapa wewe?

Nilikuwa nimeshika ile nakala Mama Kulwa alipoingia na chai. Ndiye anayefagia ofisi na uwanja. Aliniangalia kidogo, akaweka kikombe.

"Mayu," akasema, maana wasichana wote anatuita hivyo, mama, "wiki ile fundi aliziwasha mchana kweupe akizijaribu, mimi niko chini yake nafagia. Zote ziliwaka. Sasa huyo aliyesema mbovu alikuwa amefumba macho?"

Nikasema sijui, mama.

Hiyo ni mara ya pili nimesema uongo kuhusu taa zilezile, na safari hii kwa mtu ambaye hakuniomba.

Alipotoka nilichukua fomu tupu ya usajili nikaichana vipande vidogo, nikaviacha juu kabisa ya kapu la takataka. Saa kumi Katibu alipita, akavitazama, akasema vizuri. Nakala yenyewe ilikuwa ndani ya kitabu changu cha nyimbo, kwenye mkoba. Sasa iko hapa mezani. Mhuri wetu, tarehe, namba ya barua, saini ya Katibu, na chini kabisa kushoto herufi ndogo za mchapaji. Herufi za jina langu.

Ndiyo maana sijaituma popote. Hakuna namna ya kumwokoa Ndaki kwa karatasi hii bila watu kuona herufi hizo. Nimejaribu kuzifunika kwa kidole nikaitazama. Nikafikiria mkasi. Lakini nakala iliyokatwa ni nakala ya mtu mwenye la kuficha, na mimi nimeshaficha vya kutosha.

Jibu letu litasainiwa kesho asubuhi. Sitaweza kulizuia. Nimejichunguza kwa uaminifu na najua nikisimama mbele ya Katibu nitasema ndiyo tena. Ninachokiweza ni kitu kidogo kuliko hicho.

Ndaki, kama bado unafungua ukurasa huu, haya ni yako.

Usinipigie. Simu yangu ya kazini wanaishika. Usije ofisini, wala usimtume mwandishi mwenzako. Siku ya mnada wa Tinde nimeomba ruhusa kwenda kumwona shangazi. Nitakuwa huko kuanzia saa tatu asubuhi, upande wanakouza kamba za ng'ombe, kwa mama anayeuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye magunia mawili. Nitavaa kitenge cha kijani na miwani. Mkoba utakuwa mapajani na bahasha itakuwa ndani yake, haijakatwa.

Kama mkono hauruhusu safari, mtume mama yako. Hanijui, nami simjui, kwa hiyo anunue michembe kwanza, kisha aniulize kama taa za uwanja zinawaka. Nitasimama nimwamkie. Nitamwambia zinawaka zote nne, na kwamba aliyeandika kuwa haziwaki ni mimi.

Nitakaa hapo mpaka ng'ombe wa mwisho aondoke.